Nyuki Walio Mgongoni mwa Kristo Aliyeshika Tama

Drebulynė,
mwanzoni mwa Agosti

Ndugu Mhariri Teodora,

Habari za kazi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaohangaika kulitoa gazeti letu la wilaya. Mimi huku sijambo, ila mmenivunjia amani ya nyumbani.

Alhamisi iliyopita nilikuwa mezani na mkate wangu mweusi na jibini, nikafungua gazeti, nikajikuta ukurasa wa tatu. Picha yenyewe ni ile ya maonyesho ya mavuno, nimekumbatia kabichi. Juu ya kabichi mmeandika, kwa herufi ambazo Barbora, mke wangu, alizisoma bila miwani akiwa kwenye jiko: MCHONGAJI WA KRISTO WA BUSTANINI APATIKANA! Chini yake mmeweka jina langu lote, Anzelmas Kripaitis, fundi seremala mstaafu, kisha mkaongeza kwa hiari yenu kwamba mimi ni "mtu mnyenyekevu".

Ndugu Mhariri, mimi si mtu mnyenyekevu, na sikumchonga Kristo huyo. Naomba mkanushe yote mawili.

Kwa faida ya wasomaji wa upande wa pili wa wilaya, ambao huja Drebulynė kung'oa meno tu, naeleza kwa kifupi. Katika bustani yetu ya mji, kati ya maua ya waridi na benchi lililovunjika mguu, yuko Kristo wa mti wa mwaloni. Ameketi, ana taji la miiba, kiwiko kiko gotini na shavu liko kiganjani. Ni Kristo Aliyeshika Tama, kama walio wengi katika nchi yetu. Alionekana pale asubuhi moja ya majira ya kuchipua, juu ya nguzo yake, na kipaa kidogo cha kumkinga mvua. Hakuwa na jina la mchongaji, na hakuna aliyeuliza. Kwetu anayemchonga Mungu hasaini, kama vile anayesali haachi anwani. Watu waliweka maua, wakaendelea na shughuli zao.

Basi mwezi Juni nyuki wa jirani yangu, Pranciškus Vaičekonis, waligawanyika. Kundi moja liliruka uzio wake, likavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, likaingia mgongoni mwa Kristo. Mgongo ule una uwazi ndani, maana mwaloni usipotobolewa nyuma hupasuka ukikauka. Hilo kila mtu analijua, msiniangalie mimi. Nyuki wakapapenda, wakakaa. Baadaye mkuu wetu wa mji, Bi. Jolanta Tamulienė, alikwenda kumfunga Kristo utepe wa sherehe, akaumwa shingoni na mahali pengine ambapo gazeti lenu, kwa adabu, halikupataja.

Ikaundwa kamati. Kamati ikasema nyuki watolewe kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya mwezi huu, lakini Kristo asipasuliwe. Ili asipasuliwe ni lazima ajulikane mgongo wake umefungwaje. Ili hilo lijulikane ni lazima apatikane aliyeufunga. Wakamleta mtaalamu kutoka mji mkuu, Vilnius, kijana wa miwani na tochi. Akamkagua Kristo asubuhi nzima, halafu akaja moja kwa moja kwangu, akaomba ruhusa ya kupiga picha mlango wa choo changu.

Sasa utaniambia, Mzee Kripaitis, umepewa heshima, unalia nini? Subiri, utaelewa.

Unajua kama ninavyojua desturi yetu. Nyuki wakitoka kwa mtu mmoja wakaingia katika mali au kazi ya mikono ya mtu mwingine, watu hao wawili wamekuwa ndugu wa nyuki. Hakuna kununua, hakuna kuuza, na hakuna kukataa. Wanakula mkate na asali hiyohiyo, wamesimama bega kwa bega, na tangu siku hiyo hawaruhusiwi kununiana. Nyuki hawavumilii ugomvi. Watu wakigombana, wao hufariki. Nasema hufariki kwa sababu kwetu ng'ombe hufa na mbwa hufa, lakini nyuki hufariki, na huzikwa kwa heshima zao.

Maana yake ni hii: Kristo akiwa kazi yangu, mimi ni ndugu yake Pranciškus Vaičekonis. Na Pranciškus Vaičekonis sijasema naye mwaka wa kumi na moja huu, na mambo yalikuwa yakienda vizuri.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili kamati isije ikasema haikuelewa.

La kwanza, kuhusu patasi. Mtaalamu anasema mikunjo ya joho la Kristo ina mkwaruzo mwembamba unaojirudia, na kwamba mkwaruzo huohuo uko kwenye milango niliyotengeneza mimi, kwa sababu patasi yangu ina pengo. Ni kweli patasi yangu ina pengo. Lakini ilikuwa ikiazimwa. Bi. Jolanta aliniuliza mbele ya kamati, "Iliazimwa na nani, mzee wangu?" Nikawataja. Akasema, "Lakini hao wote ni marehemu." Nikamjibu kwamba walipoiazima hawakuwa marehemu, na kwamba mtu akifa hapotezi haki ya kuwa aliwahi kuazima kitu. Kamati ilicheka. Nataka kicheko hicho kifutwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mtaalamu ameandika pia kwamba bega la kushoto la Kristo "limekosewa, liko juu kuliko la kulia". Halikukosewa! Mtu akiegemeza shavu kwenye kiganja cha kushoto, bega la kushoto lazima lipande. Jaribu hapo ulipo, Teodora, hata sasa hivi. Umeona? Aliyemchonga, awaye yote, alijaribu mbele ya kioo majira ya baridi mazima mpaka shingo ikamkaza. Nayasema haya kama mpenda ukweli tu.

La pili, kuhusu uso. Inadaiwa Kristo amefanana nami. Ushahidi wa jambo hili ulitolewa na mke wangu mwenyewe, dukani, bila kiapo, akiwa kwenye foleni ya maziwa. Alipoulizwa alisema, "Mnauliza nini? Ndiye huyo huyo, akinisubiri nimalize kuvaa twende kanisani." Foleni nzima ikaitikia kwa vichwa. Ndugu Mhariri, ukipita mji huu mwezi wa Februari utakuta kila mwanamume mwenye umri wangu ameshika shavu dirishani akitazama theluji. Tukianza kuwatuhumu wachongaji kwa nyuso, itabidi nusu ya parokia iitwe kwenye kamati.

La tatu, kuhusu mwaloni. Watu wanauliza ule mwaloni mkubwa uliokuwa nyuma ya banda langu ulikwenda wapi. Ulianguka. Miti huanguka. Wanauliza pia kwa nini majira yale ya baridi karakana yangu ilikuwa na kufuli mchana kutwa. Nilikuwa nikitengeneza kabati. Wanauliza kabati liko wapi. Hilo ni kabati langu na ni juu yangu liko wapi.

La nne, kuhusu ugomvi wenyewe, maana mmeandika kwamba "chanzo chake hakijulikani". Kinajulikana sana. Ilikuwa sikukuu ya jina langu, yaani ya mtakatifu somo wangu, mwaka uleule Kristo alipoonekana bustanini. Mezani kulikuwa na supu baridi ya bitiruti, maandazi ya viazi yenye nyama ndani, na Pranciškus, ambaye wakati ule alikuwa akiingia kwangu bila kubisha hodi. Alikuwa ameshiba, amefungua kifungo. Akasema, akielekeza uma dirishani, "Jamani, na yule Kristo wa bustanini! Mmemwona? Kama jamaa aliyeachwa na basi la mwisho, na mvua ndiyo kwanza inaanza!" Meza nzima ikaangua kicheko. Barbora alicheka mpaka akashika mbavu. Hata padri alicheka, akajifanya anakohoa.

Mimi niliweka uma chini. Nikamwambia, "Pranciškus, toka kwangu." Akadhani natania. Akasema, "Kwani wewe inakuuma nini, bwana wee, umemchonga wewe?" Swali hilo sikulijibu wakati ule na silijibu leo.

Kamati inasema hasira hiyo ni ushahidi. Nasema nilikasirika kama raia wa kawaida anayependa bustani ya mji. Bi. Jolanta akanikumbusha kwamba Pranciškus huyohuyo aliwahi kusema paa la kanisa limepinda, nami sikukasirika. Sikukasirika kwa sababu paa la kanisa limepinda.

La tano halipo. Barbora alilisoma, akasema ni uongo mtupu, akalitumia kuwashia jiko.

La sita, na hili ndilo kubwa, kuhusu hasara nitakayopata nikitangazwa mchongaji. Naomba msomaji anifuate polepole.

Nikiwa mchongaji, mimi ni ndugu wa nyuki. Nikiwa ndugu wa nyuki, siku ya Kupalizwa nitasimamishwa bustanini mbele ya mji mzima, pamoja na mashada ya ngano na maua ya shambani, nile kipande cha mkate kutoka mkononi mwa Pranciškus. Nikishakula, itabidi nimsalimie kila asubuhi. Asubuhi zetu zinakutana, kwa sababu tunachota maji ya kumwagilia bustani zetu saa ileile. Nikimsalimia atajibu, na Pranciškus akijibu hamalizi. Ataniambia habari za goti lake. Nitalazimika kuwa na maoni kuhusu goti lake.

Mwezi Septemba mjukuu wake Ugnė anaolewa. Ndugu wa nyuki hukaa meza kuu. Kwenye meza kuu kuna kucheza, nami sijacheza tangu enzi za ushirika wa mashamba, na wakati ule nilicheza kwa sababu niliamriwa. Kisha ataanza tena kuingia kwangu bila kubisha. Atakula maandazi yetu. Barbora atafurahi, na ameniambia waziwazi kwamba atafurahi, jambo ambalo linaonyesha hatari ilivyoingia mpaka ndani ya nyumba.

Nikifa, ndugu wa nyuki ndiye anayebeba jeneza upande wa mbele. Ndugu Mhariri, Pranciškus ni mfupi. Wabebaji wengine wote waliobaki mjini ni warefu. Nitakwenda kaburini kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka, nami nimewatengenezea watu wa mji huu majeneza maisha yangu yote na sijawahi kumruhusu mteja asafiri namna hiyo.

Na akifa yeye kwanza, ni mimi nitakayepaswa kwenda kwenye nyuki wake, kugonga kwa kidole na kuwaambia, "Bwana wenu hayupo tena, msiondoke." Sitaki. Nalisema hili bila mzaha wowote. Sitaki kabisa kuwa mtu wa kugonga pale, na sioni kwa nini kamati inilazimishe kulifikiria jambo hilo usiku nikiwa nimelala.

La saba, kuhusu benchi. Tangu Juni, Pranciškus amelifanya lile benchi la bustani kuwa lake. Baridi ya mwaka huu ilimmalizia mizinga yote isipokuwa mmoja, na wa mmoja huo waliobaki baada ya kugawanyika nao wakafariki, kwa hiyo kundi lile lililoingia mgongoni mwa Kristo ndilo pekee lililobaki. Sikatai kwamba ni msiba. Lakini ni benchi la umma! Anakuja mchana, anavua kofia, na hakuna anayejua amemvulia nani, Kristo au nyuki. Anakaa, anaweka shavu kwenye kiganja. Basi wako wawili pale, wametazamana, na mpita njia hajui aweke maua mbele ya yupi.

Mimi hupita hapo kwa bahati tu, kila siku saa kumi. Sisimami. Ila Barbora husimama, na juzi alimsikia akiongea nao. Aliwaambia nyuki, "Mmepata nyumba nzuri, wanangu. Nzuri kuliko niliyowajengea mimi."

Ninalalamika rasmi kuhusu sentensi hiyo. Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja mtu anangoja, kama yuko mtu anayengoja, asikie neno moja zuri kuhusu kazi ile, na Pranciškus anakwenda kuwaambia nyuki! Angelisema neno hilo mezani siku ile, tena mbele ya watu walewale, aliyemchonga Kristo angekuwa amemwongezea supu. Simsemei mchongaji, simjui. Nakisia tu.

La nane, kuhusu ni nani basi aliyemchonga. Sikutaka kuikosoa kamati bila kutoa pendekezo, kwa hiyo nimefanya utafiti wangu.

Kwanza nilimfikiria Pranciškus mwenyewe. Haiwezekani. Pranciškus hawezi kunoa shoka, akipigilia msumari hupigilia na kidole. Mizinga yake ilikuwa ikivuja hata wakati wa kiangazi, na nani hasa aliyekuwa akiiziba kila vuli kabla ya ugomvi, hilo si la kujadili hapa. Nikamfikiria mwalimu wa zamani wa kazi za mikono. Yeye alitengeneza viti tu, na vyote vilikuwa vikilia. Nikafikiria mtu wa kupita. Lakini mtu wa kupita hatembei na gogo la mwaloni begani, labda awe na sababu nzito sana, na mtu mwenye sababu nzito namna hiyo angeonekana.

Baada ya kuwaondoa hao wote, Ndugu Mhariri, wamebaki nyuki.

Usicheke. Fikiri kwa utaratibu. Nyuki ndio pekee waliothibitika kuwa ndani ya sanamu. Nyuki hujenga kwa ustadi, hawasaini, hawadai sifa, na hufanya kazi pamoja na Bikira Maria akiwatazama, kwa sababu mshumaa wa kanisa unatoka kwao. Nani mwingine mjini humu ana sifa hizo? Bi. Jolanta alipinga kwamba nyuki wamefika mwaka huu na Kristo yupo tangu zamani. Hoja hiyo naikubali nusu. Nyuki wa mwaka huu ni wajukuu wa nyuki wa zamani. Babu zao walichonga, wajukuu wamerudi kurithi nyumba ya ukoo. Ndiyo maana walivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Walikuwa wanajua wanakokwenda!

Na kama nyuki ndio waliochonga, basi nyuki wenyewe ni wa Pranciškus, kwa hiyo kazi ni ya nyumba ya Pranciškus, kwa hiyo Pranciškus ni ndugu wa nyuki wa Pranciškus. Ale mkate wake mwenyewe, ajisalimie asubuhi, ajieleze habari za goti lake. Mimi nitakuwa nimebaki nje ya jambo hili, kwenye uzio wangu, kwa amani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Naomba mchapishe kanusho, ukurasa wa tatu, bila kabichi. Naomba kile kibao cha shaba ambacho kamati imekiagiza kisiwe na jina langu, bali kiandikwe "Kazi ya nyuki". Ikiwa shaba imeshachorwa, kigeuzwe, kitumike upande wa nyuma. Naomba mtaalamu wa Vilnius arudishe picha ya mlango wa choo changu. Na naomba siku ya Kupalizwa mtu yeyote asinisogelee na mkate.

Nakushukuru kwa muda wako. Ninaamini gazeti lenu, ambalo limewahi kukosea bei ya mbegu za viazi na likaomba radhi wiki iliyofuata, litakuwa na moyo uleule wa kuniomba radhi mimi. Nisalimie mama yako, mwambie dirisha lake linalokwama nitakuja kulitazama kabla ya baridi. Nisalimie wapiga chapa, msambazaji wa gazeti mwenye baiskeli na yule anayetunga mafumbo ya maneno, ingawa la wiki iliyopita lilikuwa rahisi. Salamu kwa Bi. Jolanta na shingo yake. Salamu kwa wasomaji wote wa wilaya, isipokuwa mmoja, naye anajijua.

Wako katika ukweli,

Anzelmas Kripaitis
fundi seremala mstaafu, asiye mchongaji

Baada ya kusaini:

Nilikuwa nimeshabandika stempu Barbora aliporudi dukani akaniambia nimeshinda. Bi. Jolanta amesema mbele ya watu wote, "Basi jamani, mzee Kripaitis kasema si yeye, si yeye, tumwache mzee wa watu apumzike. Hakuna wa kuufungua ule mgongo, na mimi sitaki kuumwa tena. Ijumaa anakuja mtu wa dawa ya wadudu, anapulizia, mambo yamekwisha."

Pranciškus alikuwa kwenye foleni na mfuko mkubwa wa sukari, ile ya kuwalisha nyuki wakati wa vuli. Barbora anasema hakubishana na mtu. Aliurudisha mfuko kwenye rafu, akautengeneza usianguke, akatoka.

Barbora hajavua hata kitambaa cha kichwa. Ameniambia, "Nenda kamwambie. Ni uzio tu, Anzelmas, si mpaka wa nchi." Nimekwenda. Nimefika kwenye uzio, nimesimama, nimerudi. Taa yake ya jikoni ilikuwa inawaka na nilimwona amekaa. Baada ya muda wote huu mtu anaanza na neno gani? Nimekaa hapa najaribu na sipati.

Lakini gazeti lenu linaingia kwake Alhamisi asubuhi, na najua anaanza na ukurasa wa barua. Kwa hiyo, Teodora mwanangu, yote niliyoandika huko juu yatupe. Hata lile la bega, ingawa ni kweli. Chapisha haya tu, kwa herufi zile za kabichi:

Pranciškus, usiwaache wakapulizia. Mgongo una mlango. Uko chini ya mkunjo wa joho, upande wa kulia, ukipapasa utaukuta. Hakuna msumari hata mmoja, niliufunga kwa vigingi viwili vya mti. Unasukuma juu kwanza, ndipo unavuta. Ulikuwa mgumu tangu siku nilipoufunga na sasa umevimba kwa mvua, usijaribu peke yako, utajiumiza goti. Nakuja bustanini leo hii Alhamisi, ukishamaliza kusoma. Wewe utawatuliza kwa moshi, mimi nitashika mlango, na mzinga wa kuwahamishia nimeshauanza, hautavuja. Mkate analeta Barbora. Asali tutaikuta humo humo.